Dondoo za ensaiklopidia: Bidhaa haina mwenyewe, faida inatoka wapi?

Katika soko la mitandao ya kijamii kuna bidhaa moja isiyohitaji lori, ghala wala kibali cha forodha, na ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure. Bidhaa hiyo ni dondoo: yale maelezo mafupi ya kushangaza yanayochotwa kwenye ensaiklopidia na kuwekwa mtandaoni ili msomaji asimame, asome, acheke, kisha amtumie mwenzake. Redioni na magazetini tumezoea kuyaita "Je, wajua?"

Wafanyabiashara wadogo wengi sasa wanazitumia dondoo hizo kuvutia wateja. Wengine wanashawishiwa kununua ukurasa mzima wenye maelfu ya wafuasi, wakiambiwa kwamba ni sawa na kununua duka lenye wateja tayari. Kabla fedha hazijatoka mfukoni, inafaa kujiuliza swali la siku zote: mtaji unaingia wapi, na faida inatoka wapi?

Jibu kwa ufupi ni kwamba dondoo yenyewe haiuziki. Kinachouzika ni imani ya msomaji kwa yule anayempa dondoo. Historia ya biashara hii inaonyesha hivyo, tena kwa tarakimu.

GHALA LILIPOFUNGULIWA

Zamani dondoo ilikuwa na bei kwa sababu ghala lake lilikuwa na bei. Encyclopaedia Britannica, iliyoanza kuchapishwa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1768, iliuzwa kwa miaka mingi na mawakala waliopita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1990 kampuni hiyo iliuza seti 120,000 nchini Marekani.

Miaka 3 baadaye kampuni ya Microsoft ilileta Encarta, ensaiklopidia ya kusomwa kwenye kompyuta. Tarehe 15 Januari 2001 ikaanza Wikipedia, ambayo haimtozi msomaji chochote na haibebi matangazo ya biashara. Ile ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Encarta ilifungwa mwaka 2009. Mwaka 2012 Britannica nayo ikatangaza kuwa haitachapa tena vitabu. Toleo lake la mwisho, la 2010, lilikuwa na majuzuu 32 na liliuzwa kwa dola 1,395. Zilichapwa seti 12,000, na hadi siku ya tangazo hilo zilikuwa zimeuzwa seti zipatazo 8,000 tu.

Hapa hakuna jipya kwa anayelijua soko. Ugavi ukizidi, bei huanguka. Hata hivyo, wingi huo wa mali ulileta upungufu wa kitu kingine, nacho ni muda wa mtu wa kupekua. Wikipedia ya Kiingereza peke yake ina makala zaidi ya milioni 6. Nani atazisoma zote? Ndipo ilipozaliwa kazi ya uchambuzi. Ni kama mchele: mchele ni ule ule, lakini aliyeketi akatoa mawe na chuya huuza kwa bei nzuri zaidi.

Wikipedia yenyewe hufanya uchambuzi huo. Tangu mwaka 2004 ukurasa wa mbele wa toleo la Kiingereza una sehemu ya "Je, wajua?" Masharti yake ni makali kuliko watu wanavyodhani. Dondoo isizidi herufi 200, makala inakotoka iwe na herufi zisizopungua 1,500, na jambo linalotajwa liwe na chanzo kinachoweza kukaguliwa. Masharti hayo ni kama daraja la ubora kwenye korosho au kahawa. Mali isiyofikia daraja hairuhusiwi kuingia sokoni.

MWANAFUNZI NA GHALA LA BURE

Mfano unaotajwa zaidi katika biashara hii ni wa Annie Rauwerda. Mwezi Aprili 2020, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alifungua ukurasa wa Instagram aliouita Depths of Wikipedia. Kazi yake ilikuwa kuchagua vipande vya ajabu kutoka Wikipedia na kuviweka pale kama vilivyo. Katika miaka michache wafuasi wake walipita milioni 1. Mwaka 2022 alipewa tuzo katika zile zinazotolewa kila mwaka kwa wachangiaji wa Wikipedia na miradi yake.

Kwa mtazamo wa mwekezaji, jambo la kuangalia ni mahali fedha zilipopatikana. Rauwerda hakuuza dondoo, maana asingeweza. Baada ya kupata wasomaji, alianza maonyesho ya jukwaani ambayo watu hulipa kiingilio. Wasomaji walikuja kwa ajili ya jicho lake la kuchagua, na walirudi kwa sababu walichokisoma kilikuwa kweli na chanzo chake kilionekana.

Dondoo gani husafiri mbali? Chukua ile ya "Vita vya Emu". Emu ni ndege mkubwa wa Australia, jamaa wa mbuni. Mwezi Novemba 1932 serikali ya nchi hiyo ilituma askari wenye bunduki mbili za rashasha kwenda Australia Magharibi kuwaua ndege waliokuwa wakiharibu ngano. Ndege walitawanyika, bunduki zikakwama, na operesheni ikaishia katika kejeli za magazeti. Watu hucheka na kusambaza.

Lakini chini ya kichekesho hicho kuna habari ya soko. Wakulima wale, ambao wengi walikuwa askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza, walihimizwa kulima ngano zaidi kwa ahadi ya ruzuku ambayo haikufika. Bei ya ngano ilianguka, na kufikia Oktoba 1932 walikuwa wakitishia kugoma kutoa mavuno yao. Emu walikuja juu ya shida iliyokuwapo tayari. Mwenye ukurasa anayeishia kwenye ndege anapata kicheko cha siku moja. Anayefika kwenye ngano anampata msomaji atakayerudi kesho.

KIWANDA CHA BIA KILITANGULIA

Kutumia mambo ya ajabu ili kuuza bidhaa nyingine hakukuanza na simu za mkononi. Mwaka 1951 Sir Hugh Beaver, mkurugenzi mkuu wa kiwanda cha bia cha Guinness, alikuwa akiwinda ndege nchini Ireland na wenzake. Ukazuka ubishi kuhusu ndege yupi wa kuwindwa ana mbio zaidi katika Ulaya. Hawakupata kitabu cha kuumaliza ubishi huo. Beaver aliona kwamba mabishano ya aina hiyo hutokea kila usiku kwenye baa zinazouza bia yake.

Kiwanda kiliwapa kazi mapacha Norris na Ross McWhirter, waliokuwa na ofisi ya kutafuta takwimu jijini London. Toleo la kwanza la Guinness lilitoka Agosti 1955, na kufikia Krismasi ya mwaka huo lilikuwa likiongoza kwa mauzo nchini Uingereza. Kitabu kilichokusudiwa kuitangaza bia kikawa biashara kamili, na sasa kinamilikiwa na kampuni nyingine isiyohusika na bia.

Kilichokipa thamani kitabu hicho ni kwamba mbishi akifunguliwa ukurasa alikubali kushindwa. Neno lake lilikuwa la mwisho. Watu walinunua neno la mwisho, wala si habari za ndege.

WENYE HISA 32 WA MONTREAL

Wasomaji wenye mitaji midogo watavutiwa zaidi na habari hii ya Kanada. Mwezi Desemba 1979, mjini Montreal, Chris Haney na Scott Abbott, wote wafanyakazi wa vyombo vya habari, walibuni mchezo wa maswali ya chemsha bongo wakauita Trivial Pursuit. Hawakuwa na mtaji. Walizunguka kwa marafiki na wafanyakazi wenzao, wakakusanya dola zipatazo 40,000 kutoka kwa watu 32. Kijana mchoraji wa miaka 18, ambaye hakuwa na kazi, alichora mchezo huo akalipwa kwa hisa. Imesimuliwa kwamba Haney alimzuia mama yake asiweke fedha, akihofia kuwa atazipoteza.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Seti 1,100 za kwanza ziligharimu dola 75 kila moja na kuuzwa kwa wenye maduka kwa dola 15. Kila seti iliyotoka iliondoka na dola 60 za wenye hisa. Wengi wangefunga biashara hapo hapo. Wao waliendelea, wakapata kampuni kubwa ya kuutengeneza na kuusambaza mchezo huo Marekani, na katika mwaka 1984 peke yake ziliuzwa seti zaidi ya milioni 20 katika Amerika Kaskazini. Mwaka 2008 kampuni ya Hasbro ilinunua haki za mchezo huo kwa dola milioni 80. Waliokuwa na hisa tangu mwanzo walitajirika.

Hata hapa, fedha hazikulipwa kwa ajili ya dondoo. Zililipwa kwa ajili ya jina, ubao wa mchezo, kadi na haki ya kuuza. Vitu hivyo vina mwenyewe. Maswali yenyewe yalikuwa ya ulimwengu mzima, na mahakama ililithibitisha hilo.

MAHAKAMA ILISEMAJE

Mwandishi Fred Worth, aliyekwisha kutoa kitabu chake cha ensaiklopidia ya mambo madogo madogo, alifungua kesi mwaka 1984 akidai fidia ya dola milioni 300. Alisema maswali mengi ya mchezo yalichukuliwa kutoka vitabuni mwake, na ushahidi alikuwa nao. Alikuwa ameweka mtego: aliandika kwa makusudi kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa televisheni, ni Philip. Jina hilo alilitunga mwenyewe. Mchezo nao ulikuwa na swali hilo, na jibu lilikuwa Philip.

Waliobuni mchezo walikubali kwamba kitabu cha Worth kilikuwa miongoni mwa vyanzo walivyotumia. Pamoja na hayo, Worth alishindwa. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ilieleza kwamba jambo la kweli halina mmiliki, na anayeliandika kama kweli hawezi kulidai baadaye kuwa lake. Mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliweka msimamo huo huo katika kesi ya kitabu cha namba za simu: jasho la kukusanya habari peke yake halitoi hakimiliki.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni mbili. Kwanza, yuko huru kutumia jambo lolote la kweli. Pili, jirani yake naye yuko huru kulichukua saa hiyo hiyo. Hakuna ukuta wa kuzuia ushindani. Anayekuuzia "hazina ya dondoo 1,000" anakuuzia maji ya mvua.

Lakini tofautisha jambo na maneno. Maneno ya Wikipedia yana leseni. Inaruhusiwa kuyatumia hata kwa biashara, kwa sharti la kutaja yanakotoka na kuyatoa kwa wengine kwa masharti yale yale. Picha zina leseni zake mbalimbali, na kila moja lazima isomwe. Anayeandika upya kwa Kiswahili chake na kutaja chanzo hujiepusha na usumbufu mwingi.

MALI MBOVU YENYE RISITI

Hatari kubwa ya biashara hii ni mali mbovu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza kwa mzaha katika makala ya Wikipedia kuhusu mnyama aitwaye coati kwamba mnyama huyo pia huitwa "mhanga wa Brazil". Coati hana undugu na mhanga, yule mchimba vichuguu tunayemjua. Mzaha ule ulibaki kwa miaka. Magazeti yaliokota jina hilo na kulitumia, kisha magazeti hayo hayo yakatajwa kuwa ushahidi kwamba jina ni la kweli.

Wafanyabiashara wanaijua hali hiyo. Ni mali ya magendo iliyopitishwa kwa mtu wa pili na wa tatu hadi ikapata risiti. Risiti ni halali, mali si halali. Kwa hiyo, kuona dondoo kwenye ensaiklopidia hakutoshi. Fungua chanzo kilichotajwa chini ya makala, kisome, uangalie pia tarehe yake. Kama chanzo ni cha baada ya dondoo kuanza kuzagaa mtandaoni, tia shaka. Kama hakuna chanzo, iache.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Msomaji akigundua uongo mmoja, hatabagua tena. Atatilia shaka dondoo zako 99 nyingine, na bei ulizoandika chini yake pia.

DAKIKA 38 ZA UNGUJA

Dondoo moja inayozunguka sana duniani inatoka hapa kwetu. Ni ile ya vita fupi kuliko zote, kati ya Uingereza na Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896. Hutajwa kuwa vilidumu dakika 38, ingawa yapo maandiko yanayosema hadi 45. Mwandishi makini huandika "kati ya 38 na 45", na hapotezi msomaji hata mmoja kwa kufanya hivyo.

Kwa msomaji wa mbali, hicho ni kichekesho. Kwa msomaji wa Unguja, ni siku ambayo kasri lilipigwa mizinga na watu wapatao 500 upande wa Zanzibar wakauawa au kujeruhiwa, huku upande wa Uingereza akijeruhiwa baharia mmoja. Sayyid Khalid bin Barghash alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na baada ya kukamatwa na Waingereza mwaka 1916 akapelekwa uhamishoni. Alifia Mombasa mwaka 1927. Mwenye ukurasa anayeweka alama za kicheko chini ya dondoo hiyo, wakati wateja wake wako Malindi na Darajani, amejifungia duka mwenyewe. Mjue mteja wako kabla ya kumchekesha.

MERIKANI DUKANI

Dondoo humsaidia zaidi mfanyabiashara inapogusa kile kilicho rafuni mwake. Muuza vitambaa hana haja ya emu. Ana merikani. Kitambaa kile cha pamba kisichopaushwa kilipata jina lake kwa kuwa kililetwa kutoka Marekani na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo mwaka 1833. Neno leso nalo ni la Kireno kwa asili. Muuza viungo anaweza kueleza kwamba karafuu si mbegu wala tunda, bali ni ua lililokaushwa kabla halijachanua. Mteja anayeyasoma hayo tayari amesimama mbele ya bidhaa.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa kukadiria tu, si bei za soko. Mwenye duka la kanga anatumia saa 1 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kutafuta na kuhakiki dondoo. Akiuthamini muda wake kwa shilingi 2,000 kwa saa, ni shilingi 12,000. Bando la intaneti ni shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 17,000 kwa wiki. Kama faida yake kwa doti moja ni shilingi 1,500, lazima auze doti 12 za ziada kila wiki ili asipate hasara. Wafuasi 10,000 wasionunua doti hizo 12 ni mzigo. Wafuasi 300 wa mtaani wanaozinunua ni mtaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo muulize kila mteja mpya alikusikia wapi, uandike.

Kuhusu kulipwa na mitandao yenyewe, tahadhari inahitajika. Machi 2024 kampuni ya Meta ilitangaza kwamba watengeneza maudhui wa Kenya wanaotimiza masharti wataanza kulipwa kupitia Facebook na Instagram. Hiyo ni habari njema, lakini masharti huwekwa na mwenye mtandao na yeye ndiye anayeyabadili. Serikali nazo zina fungu lao. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 na kuzirekebisha baadaye. Anayetaka kupokea fedha za matangazo apite kwanza TCRA na TRA.

Kununua ukurasa wenye wafuasi ni jambo la kuepuka. Wafuasi wanaweza kuwa wa bandia, mwenye mtandao anaweza kuufunga ukurasa kwa kukiuka masharti, na hata kama ni watu halisi, walimfuata mwenye ukurasa wa kwanza. Imani haihamishwi kwa hati ya mauzo.

HALI YA SOKO

Ugavi: mwingi, na unaongezeka kila siku. Bei ya dondoo: sifuri, na haitarajiwi kupanda.

Mahitaji: makubwa kwa dondoo fupi, ya kweli, yenye chanzo, iliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri na inayohusu bidhaa au mahali anapopajua msomaji. Ugavi wa aina hii bado ni mdogo.

Hatari: uongo wenye risiti, picha za watu zisizo na ruhusa, na kurasa za kununua.

Ushauri kwa mwenye duka: dondoo 3 zilizohakikiwa kwa wiki zinatosha, kila moja na chanzo chake. Baada ya miezi 3, fungua daftari. Kama doti hazikuongezeka, punguza saa. Kama zimeongezeka, endelea, wala usiruhusu hata dondoo moja itoke kabla hujakiona chanzo chake kwa macho yako.